Nafasi Nyuma ya Shingo

Dada yangu Rosmira alichora wanawake miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyemziba shingo.

Alikuwa mchoraji wa mitindo wa duka moja kubwa la vitambaa katikati ya Medellín, siku zile ambapo gauni halikupigwa picha bali lilichorwa. Jumapili watu wakitoka misa walifungua gazeti na kulikuta gauni lake, limesimama kwa mistari michache ya wino. Jumatatu wake za watu waliingia dukani na kile kipande cha gazeti kimekunjwa ndani ya pochi. Ndani ya kila gauni lile nilikuwa mimi. Rosmira alinisimamisha kwenye ua wetu wa ndani, panapoingia mwanga wa asubuhi, mkono mmoja kiunoni, shingo imeinama kidogo upande wa kushoto, akaniambia nisipumue kwa nguvu. Mama alikuwa ameshafariki, na Rosmira ndiye aliyenilea. Nikichoka aliniletea maji ya moto ya sukari guru, akanishikia kikombe mdomoni nisije nikavuruga mkao, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Hakuchora sura. Alichora mdomo tu, basi. Mstari wake ulianzia sikioni ukateremka kwenda begani, lakini nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, aliinua brashi. Pale paliachwa peupe, nafasi ya punje ya mchele, halafu mstari ukaendelea na safari yake. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Apate pa kutokea," alisema, akachovya brashi.

Nikacheka. Nyumbani kwetu mtu akifa, dirisha huachwa wazi kidogo na bilauri ya maji huwekwa mezani kwa ajili ya roho yake. Nilidhani ananitania kwa mambo hayo ya dirisha.

Nafasi ile ilizibwa mara moja tu. Fundi wa mabamba ya kuchapia pale gazetini aliiona akadhani ni kasoro, na kwa wema wake akaunganisha mstari. Jumapili hiyo niliamka shingo haigeuki na kiuno kizito kama nimebebeshwa mawe. Nikalazwa kitandani, nikafungwa kitambaa cha moto, maana kwetu kila maumivu yasiyo na jina husemwa ni umande. Jumatatu Rosmira alishuka mjini hata kabla ya kunywa chokoleti yake ya asubuhi. Sijui alimwambia nini yule fundi. Alirudi na lile bamba la zinki mkononi, limekwanguliwa shingoni, akaliweka juu ya kabati na kunipikia supu. Jioni niliinuka. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilikuwa msichana, na nilikuwa na mambo yangu ya kuwaza, mojawapo likiitwa Arcesio.

Niliolewa na huyo Arcesio. Rosmira alinishonea gauni kwa mikono yake, akalia kidogo jikoni akidhani simwoni, kisha akanisukuma mlangoni akisema nisichelewe. Hakumsimamisha msichana mwingine baada yangu. Alinichora kwa kukumbuka. Akafa kwa ugonjwa wa kifua kabla nywele zake hazijapata mvi, na brashi zake zikabaki kwangu ndani ya gudulia la udongo. Kila nilipolifungua lilinipa harufu ya karafuu, kwa sababu Rosmira alikuwa mtu wa kutafuna karafuu akichora.

Sasa nije kwa mjukuu wangu Dahiana.

Mama yake anafanya kazi Bogotá, na binti anaishi na mimi humu humu, nyumba ya mlimani yenye ua wa ndani. Anasoma ubunifu wa mavazi. Mwaka huu walipewa kazi moja kubwa ya kumaliza mwaka. Kila mwanafunzi achague mchoraji wa mitindo, amsome mstari kwa mstari, kwanza kwa mkono na karatasi, halafu kwa kishikwambi, na mwisho atoe michoro yake mwenyewe itakayoonyesha kwamba amejifunza kwa mtu lakini hakumezwa naye. Asiyefaulu anarudia mwaka mzima. Wenzake walichagua watu maarufu wa ng'ambo. Dahiana alifungua sanduku langu, akatoa magazeti ya zamani yaliyogeuka rangi ya chai, akasema yeye anamtaka Rosmira.

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilimpa brashi zile zile.

Miezi ya kuchora kwa mkono ilikuwa mizuri. Asubuhi alinisimamisha uani, bibi kizee na aproni yake, mkono kiunoni, naye anacheka na mimi nacheka. Aligundua mambo ambayo mimi niliyesimama miaka yote ile sikuyajua. Rosmira hakukandamiza brashi ila kwenye kiwiko na nyonga. Marinda aliyachora kutoka chini kwenda juu. Kitambaa kizito alikipa mstari mmoja na chepesi akakipa mingi. Na ile nafasi ya shingoni Dahiana aliiona siku ya kwanza, akaiacha kama alivyoikuta, kwa adabu, kama mtu anayepita ukumbi wa watu bila kugusa kitu.

Kishikwambi hakuwa nacho. Rafiki yake Yurany, binti mwenye kelele na moyo mpana, alimwachia chake, yeye mwenyewe akawa anamaliza kazi zake kwenye kompyuta mbovu za chuo. Sijasahau hilo. Siku aliyokileta alileta na keki za jibini kwenye mfuko wa karatasi, akakaa uani akimfundisha mwenzake. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, nasikiliza.

Dahiana alikuwa ameuingiza mchoro wake kwenye kioo. Sasa alitaka kulitia gauni rangi. Kwenye programu ile kuna alama ya ndoo. Unaigusa, kisha unagusa ndani ya mstari, na rangi inajaa yenyewe mpaka kwenye ukingo. Akagusa. Ukurasa wote ukawa mwekundu, gauni, ukuta, hewa, kila kitu.

Yurany alicheka mpaka akapaliwa na keki. "Shoga, mwanamke wako anavuja kama pipa bovu. Tazama hapa shingoni, pana tundu. Mzibe huyo, rangi itulie."

"Lakini ndivyo alivyochora."

"Alichora enzi za wino. Ndoo haijui heshima za marehemu, mwaya. Ziba."

Dahiana akaziba. Nilisikia kalamu ikigonga kioo mara moja, tik. Rangi ikajaa gauni, nyekundu ya nyama ya pera, ikatulia mahali pake. Wakapiga makofi. Mimi nikapitisha uzi kwenye sindano, nikaendelea kushona pindo la pazia la Bi Berenice, jirani yetu. Macho yangu hayaoni vizuri kwenye vioo vile vyenye mwanga. Sikuinuka kutazama.

Aliwaziba wote, mmoja baada ya mwingine. Na kwa kuwa mkono huzoea haraka, akaanza kuziba hata kwenye karatasi.

Shingo yangu ilikaza wiki hiyo hiyo. Nikasema umande. Bi Berenice alikuja kila mchana kunisugua kwa mafuta ya kafuri, ingawa ana miguu iliyovimba na kwetu pana ngazi. Alinipasha habari za mtaa akinisugua, akasema mimi ni mzee anayejifanya sanamu la kanisani. Kweli nilikuwa hivyo. Nilijikuta nimesimama jikoni mkono kiunoni, arepa, mikate yetu ya mahindi, zinaungua, nami siwezi kuondoa mguu. Sikuumwa sana. Ilikuwa kana kwamba nimeambiwa nisitikisike na aliyeniambia amesahau kunipa ruhusa.

Kisha brashi zikaanza kuloa.

Nilizikausha jioni mwenyewe na kuzirudisha kwenye gudulia. Asubuhi brashi moja ilikuwa nje, juu ya meza ya uani, manyoya yake yamelowa na kuchongoka, na bilauri ya maji pembeni imepungua. Nikamkumbusha Dahiana kwamba brashi haiachwi majini. Akaniapia hakuigusa. Kesho yake tena. Kile kigoda alichokalia Rosmira, ambacho mimi hukiweka mlangoni nipate kuvaa viatu, tulikikuta kimegeuzwa kuelekea mwanga. Na karafuu. Sitii karafuu kwenye chakula tangu Arcesio alipofariki, maana yeye ndiye aliyezipenda. Lakini ua wote ulinukia.

Sikuogopa. Nilisema kimoyomoyo, karibu dada, nikaacha bilauri ijae maji.

Aliyeogopa ni Dahiana. Wakati wa kuchora michoro yake mwenyewe ulikuwa umefika, na mkono ulikataa. Alianza kuchora mvulana wa dukani na kaptura yake, ukatoka mwanamke mkono kiunoni. Alianza kumchora paka wa Bi Berenice, paka akaota shingo ndefu iliyoinama kushoto. Alibadili kalamu, akabadili karatasi, akachora kwa mkono wa kushoto. Alikuwa yule yule. Mwalimu wake Amparo, mwanamke mpole asiyepoteza maneno, alizipitia kazi zake na kumwambia, "Marehemu nimemwona vizuri sana. Wewe uko wapi?" Alimpa mpaka siku ya maonyesho.

Jioni hiyo binti alikaa jikoni, kikombe kimepoa mbele yake.

"Bibi, mimi sichori tena," aliniambia. "Nachorwa."

Nilimpa arepa na kipande cha jibini.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo alikuwa ananificha, ili nisishtuke. Kila asubuhi kioo cha kishikwambi kilikuwa na alama ya maji. Alidhani ni paa linavuja, akakihamishia chumbani, akakifunika kwa taulo. Asubuhi alama ilikuwepo. Kilikuwa kimstari chembamba cha maji, kama kilichopitishwa kwa ncha ya brashi, kikipita na kurudi mahali pamoja. Ukiwasha kioo, kilikuwa juu ya shingo ya yule mwanamke. Kwenye karatasi ilikuwa vivyo hivyo. Pale alipoziba kwa wino palikuwa pamelowa, pamesuguliwa mpaka nyuzi za karatasi zimesimama, lakini wino wa Kichina ukishakauka haufutiki kwa maji.

Haya yote niliyajua siku moja kabla ya maonyesho. Dahiana alikuwa ameichapisha michoro yote kwa karatasi kubwa. Kwa kuwa nyumba yetu ni ndogo aliitundika uani kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, aweze kuitazama kwa pamoja na kuchagua itakayomwokoa. Yurany alikuwapo, na safari hii hakuwa na utani. Niliingia na sinia la chokoleti.

Wanawake wekundu walijaa ua mzima. Upepo uliipapasa karatasi lakini wao hawakuonekana kuyumba. Na walikuwa na nyuso.

"Umewatia macho," nilisema.

"Sikutia, Bibi. Sijui yametokaje. Nafuta, yanarudi."

Niliweka sinia chini, nikavaa miwani yangu ya cherehani. Nilikwenda karibu, taratibu, maana shingo haikunipa ruhusa ya zaidi. Niliyajua yale macho. Huwa nayaona kwenye picha yangu ya harusi. Lakini kwenye picha ya harusi yanacheka, na hapa yalikuwa macho ya msichana aliyechoka kusimama.

Nikatafuta shingo. Mstari ulishuka kutoka sikioni, ukapita kisogo, ukaenda begani bila kuinua mguu.

"Nani amewaziba?"

Yurany alitazama sakafu. "Mimi ndiye niliyemwambia, Bibi Eucaris. Rangi ilikuwa inamwagika."

Nilimshika shavu ili ajue sikasiriki. Kisha nilikaa kwenye kigoda cha Rosmira, na kwa mara ya kwanza nikaweka lile bamba la zinki na ile Jumapili ya kitandani mahali pamoja. Niliwasimulia wote wawili. Nafasi ile sikuwahi kuifikiria kuwa ni ya mtu. Nilidhani ni utani, halafu nikadhani ni mtindo. Kumbe kila wiki, kwa miaka yote ile, dada yangu alipokwisha kunitumia alinifungulia mlango. Ndiyo maana nilitoka. Nikaolewa, nikazaa, nikanenepa, nikazika mume, nikalea mjukuu. Yeye hakujiachia mlango wowote, alibaki pale mezani na brashi yake. Na sasa alikuwa amerudi kunifungulia tena, kila usiku, kwa brashi na maji, juu ya kioo asichokijua.

Dahiana aliondoa karatasi kwenye vibanio. Alileta kishikwambi, akakaa miguuni pangu, akaleta ule mchoro wa kwanza kwenye kioo.

"Nikimfungua, rangi yote itatoka," alisema. "Na kesho ndiyo kesho."

Yurany akasogea. Alisema upo ujanja. Unaweza kumziba kwa mstari usioonekana, kwenye tabaka la chini, ndoo ikadanganyika na jicho lisione kitu. Wanafunzi wote wanafanya hivyo. Dahiana alifikiri. Niliona kidole chake kikienda, kikisita. Mwaka mzima ulikuwa kwenye kidole kile, na mimi sikutaka kuwa jiwe begani mwake. Nilimwambia afanye litakalomfaa, shingo yangu ni ya kizee, ingekauka hata hivyo.

"Hauonekani na sisi," Dahiana alimwambia Yurany. "Yeye anauona."

Akachukua kifutio. Alifuta pale nyuma ya shingo, nafasi ya punje ya mchele. Akaondoa rangi, akagusa ndoo upya. Wekundu ukatoka shingoni ukajaza ukurasa, lakini safari hii alifuta pia ndani ya gauni, akaacha pale palipokuwa na mwili paonekane ukurasa mtupu. Akafungua wa pili, na wa tatu. Kwenye ile ya wino alitumia wembe, akakwangua kama Rosmira alivyokwangua zinki. Yurany alimshikia karatasi isiteleze. Nikasikia karafuu, kwa nguvu, kama mtu amepita karibu yangu kwenda mahali penye mwanga zaidi. Nikageuza kichwa kumtazama. Nikageuza kichwa.

Hapakuwa na mtu. Lakini nilikuwa nimegeuka, kushoto na kulia, na Bi Berenice aliyekuwa anaingia na chupa yake ya kafuri alisema, "Ee, sanamu limeshuka madhabahuni."

Dahiana alichora mpaka saa ya chakula cha jioni. Sijui alichora nini, sikumchungulia. Nilisikia tu brashi ikitembea haraka, na mara moja akicheka peke yake.

Maonyeshoni nilivaa gauni langu la buluu. Michoro ya Dahiana ilikuwa ukutani karibu na mlango, na wengi waliipita kwa sababu hawakuona gauni ndani yake. Kulikuwa na wekundu wa pera ukurasa mzima, na katikati umbo jeupe la mwanamke, mkono kiunoni, halina uso, limeachwa kama nguo iliyovuliwa. Pembeni kulikuwa na michoro mingine midogo ya wino. Paka wa Bi Berenice alikuwa paka. Yurany alikuwa anacheka na keki mkononi. Bibi mnene mwenye aproni alikuwa amemgeuzia mtazamaji mgongo, anaondoka. Mistari ile haikuwa ya Rosmira. Ilikuwa na haraka na ilikwaruza kidogo, lakini kila mmoja ulikuwa umeinuliwa mahali fulani.

Mwalimu Amparo alisimama pale muda mrefu. Hakumsifu. Alimwambia kwamba marinda ya mchoro wa tatu ni mabaya, na ni kweli yalikuwa mabaya. Kisha akaelekeza kidole kwenye lile umbo jeupe.

"Na huyu ameenda wapi?"

"Aliolewa, mwalimu," alisema Dahiana. "Yule pale, ana wajukuu."

Mwalimu alinitazama, akanikaribia, akanipa mkono. Alimpitisha, si kwa alama za juu, lakini alimpitisha.

Jioni hiyo nilizikausha brashi, nikaacha moja nje juu ya meza, na bilauri nikaijaza mpaka ukingoni. Nilikigeuza kigoda kuelekea mahali mwanga unapoingia. Asubuhi niliamka mapema kuliko kuku wa jirani, nikaenda uani na shingo yangu nyepesi.

Maji yalikuwa vile vile. Nilishika brashi nikaipitisha kwenye mdomo wangu, kama alivyokuwa akifanya yeye kuichongoa. Ilikuwa kavu.

Nilikaa kidogo. Halafu nikaenda kukanda unga wa arepa, maana Dahiana alikuwa ameamka na alikuwa ananiita.